Tathmini ya karatasi ya jina la ukoo: Walker, simba mwekundu na kitambaa cha sufu

Bidhaa ninayoitathmini ni karatasi ya maelezo ya jina la ukoo, iliyotiwa fremu, ambayo niliinunua kwa pauni 34 katika kibanda kilichomo ndani ya jengo la maduka katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Vibanda vya namna hii si vigeni nchini humu, hasa mahali wapitapo watalii, na utaratibu wake ni mmoja: mteja hutaja jina lake la ukoo, muuzaji huliandika kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa hutoka karatasi nene yenye nembo ya ngao juu na historia ya jina chini yake. Nilitaja Walker, ambalo ni jina la mume wangu na la watoto wetu, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka 80 na nilitaka kumpa zawadi ambayo angeitundika ukutani, mahali ambapo wajukuu wangeiona kila wanapomtembelea.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mtu hujulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila kizazi mnyororo huo husogea hatua moja, hivyo kwamba jina la mwisho la baba yangu silo langu. Jina la ukoo la Kiingereza halisogei. Hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto bila kubadilika, na mke, kwa desturi na si kwa sheria, huliingia anapoolewa. Matumizi yake pia yananitatiza hadi leo. Sisi husema Bwana Ali au Mwalimu Juma, heshima tukaiweka mbele ya jina la mtu mwenyewe. Mwingereza huiweka mbele ya jina la ukoo tu, kwa hiyo benki na hospitali humwandikia baba mkwe wangu Mr Walker, na jina alilopewa na mama yake hubaki kwa rafiki na jamaa. Nilipoolewa nililichukua jina hilo nikaliandika kwenye fomu zisizohesabika pasipo kujua maana yake. Binti yangu wa miaka tisa aliponiuliza, nilimjibu kwamba ni Mtembeaji, maana ndivyo neno hilo linavyosikika kwa mtu aliyejifunza Kiingereza darasani. Karatasi ile niliinunua kwa nia safi, nikiamini kwamba itanijibu vizuri kuliko nilivyomjibu mtoto.

Kwa upande wa utengenezaji sina lawama kubwa. Fremu ni ya mbao halisi, si plastiki iliyopakwa rangi ya mbao, na pembe zake zimeungana bila mwanya. Kioo ni kisafi. Karatasi ni nzito, na wino haukuchuja hata nilipoiacha karibu na dirisha kwa majuma mawili. Muuzaji alikuwa mkarimu, akaifunga kwa karatasi laini bila kuombwa. Kwa hayo peke yake ningempa nyota nne kati ya tano.

Shida ni maandishi, na mtu hanunui karatasi ya jina kwa ajili ya mbao.

Maelezo yalidai mambo matatu. La kwanza, kwamba Walker lilikuwa jina la askari wa misitu ya mfalme, aliyetembea mipaka yake usiku na mchana akiwawinda majangili. La pili, kwamba ukoo wa Walker uliingia Uingereza pamoja na jeshi la William kutoka Normandy, Ufaransa, lililoiteka England mwaka 1066. La tatu, lililoonyeshwa kwa mchoro zaidi kuliko kwa maneno, kwamba ukoo huo una nembo yake: simba mwekundu juu ya ngao ya rangi ya fedha, kofia ya chuma ya askari wa farasi, na kaulimbiu ya Kilatini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo nilizisoma kwa miwani ya baba mkwe, paliandikwa kwamba nembo hiyo ni ya mmoja wa watu waliowahi kuwa na jina hilo.

Baba mkwe aliipokea kwa adabu zake zote. Aliitazama kwa muda mrefu, akashukuru, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba simba huyo hamfahamu. Yeye alizaliwa Jamaica, akafika Huddersfield, mji wa kaskazini mwa England, mwaka 1961 akiwa na miaka 17, na watu wake wa upande wa baba ni wajukuu na vilembwe wa watumwa wa mashamba ya miwa. Ndipo nilipohisi aibu, kwa sababu nilikuwa nimempa mzee wangu hadithi ya ukoo wa farasi na ngao bila hata kujiuliza inamhusu vipi.

Nilianza kuchunguza. Nembo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote. Katika sheria na desturi za England hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, na wanaoweza kuitumia baada yake ni wazao wake halali kwa upande wa kiume. Mamlaka hayo yako mikononi mwa College of Arms ya London, taasisi iliyopewa hati na Mfalme Richard III mwaka 1484, nayo inaeleza waziwazi kwamba kufanana jina na mtu mwenye nembo hakumpi mtu haki yoyote juu ya nembo hiyo. Kwa hiyo simba yule ni wa Walker fulani na kizazi chake, na kuwauzia Walker wote walioko duniani ni sawa na kumkuta mtu anayeitwa Salim ukamkabidhi hati ya shamba la Salim mwingine.

Kuhusu mwaka 1066, jina lenyewe linakanusha. Walker linatokana na Kiingereza cha kale, lugha ya wale waliotekwa, si Kifaransa cha waliowateka. Tena wakati huo karibu watu wote wa kawaida wa England hawakuwa na majina ya kurithishana. Majina hayo yalishika mizizi taratibu kati ya karne ya 12 na ya 14, na kaskazini mara nyingi yalichelewa zaidi. Na habari ya askari wa msitu ina chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake: neno hilo liliwahi kutumika kwa walinzi wa misitu, lakini baadaye, wakati jina la ukoo lilikuwa limekwisha kuenea.

Maana yenyewe niliipata maktaba, bila kulipa hata senti. Maktaba nyingi za umma nchini Uingereza humruhusu mwenye kadi kusoma kwa intaneti kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Oxford, iliyohaririwa na Patrick Hanks, Richard Coates na Peter McClure na kutolewa mwaka 2016 katika juzuu nne, ikiwa na majina zaidi ya 45,000 ya Uingereza na Ireland. Huko Walker si mtembeaji wala si mlinzi. Ni mtu aliyefanya kazi ya kukanyaga kitambaa cha sufu baada ya kufumwa. Neno la kale wealcere lilikuwa jina la fundi huyo, na kitenzi chake hapo mwanzo kilikuwa na maana ya kuviringisha na kurusharusha huku na huku. Maana ya kwenda kwa miguu, ambayo ndiyo sisi tunayofundishwa shuleni, ilikuja kulitawala neno hilo baadaye.

Msomaji wa pwani, ambaye nguo yake ni pamba, huenda akauliza kwa nini kitambaa kikanyagwe. Sufu ikitoka kwenye mtambo wa kufumia huwa imelegea, ina matundu, na imejaa mafuta ya kondoo na yale aliyoongeza msokotaji. Kila unywele wa sufu una magamba madogo. Ukiulowesha kwa maji ya moto yenye dawa na kuupondaponda, magamba hayo hushikana na ya jirani yake, kitambaa husinyaa, huwa kizito, huziba upepo na mvua. Dawa ya zamani ilikuwa mkojo uliochacha, ambao kwa nguvu ya amonia yake hukata mafuta, pamoja na aina ya udongo laini unaonyonya grisi. Mafundi walivua viatu, wakapandisha nguo magotini, wakaingia ndani ya birika na kukanyaga kwa saa nyingi. Baadaye kitambaa kilisuuzwa, kikatandazwa uwanjani juu ya viunzi vya mbao vyenye ndoano, kikavutwa kwa kipimo ili kikauke bila kujikunja.

Kazi hii moja iliacha majina matatu, na hapa ndipo ninapoona kwamba karatasi ile ilitupa mali halisi ikauza bandia. Kaskazini mwa England na katika upande wa magharibi wa England ya kati fundi huyo aliitwa Walker. Kusini-mashariki, kuanzia Norfolk na Suffolk hadi Kent na Sussex, aliitwa Fuller, neno lenye damu ya Kilatini na Kifaransa. Kusini-magharibi, Devon, Somerset na Cornwall, aliitwa Tucker, kutokana na kitenzi cha kale cha kutesa, kwa sababu ya kile kitambaa kilichokuwa kikipata. Mjini Exeter bado upo ukumbi uliojengwa mwaka 1471, ambao ulikuwa wa chama cha wafumaji, wakanyagaji na wakataji wa manyoya ya vitambaa, nao unaitwa Tuckers Hall. Hadi sensa ya mwaka 1881 mgawanyo wa majina hayo matatu ulikuwa bado unaonekana ukiuchora kwenye ramani. Mtu akikuambia anaitwa Tucker, una haki ya kukisia kwamba mababu zake walikanyaga sufu upande wa Devon, na ukikosea hutakuwa umekosea kwa ujinga.

Kilichonigusa zaidi kilitoka mahali ambapo sikutarajia. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, mavazi ya Yesu mlimani yanang'aa kwa weupe usioweza kufanywa na fundi yeyote duniani, na Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, inamwita fundi huyo dobi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwita fuller. Lakini wafuasi wa John Wycliffe, walipoitafsiri mwishoni mwa karne ya 14, waliona neno moja halitoshi kwa wasomaji wa nchi nzima, wakaandika fuller, au walker wa nguo. Nimeusoma mstari huo tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na kumbe jina nililokuja kuolewa nalo lilikuwa limesimama pale pale, mahali pa dobi.

Nilimwomba mume wangu atupeleke Helmshore, katika jimbo la Lancashire, ambako kinu cha kukanyagia sufu kilichojengwa mwaka 1789 kimehifadhiwa kama makumbusho. Kwa maana watu hawakuendelea kutumia miguu milele. Kumbukumbu za vinu vya maji vya kazi hii zinarudi nyuma hadi mwaka 1185, katika hesabu ya mali za Templar, shirika la Kikristo la watawa wapiganaji, na kimojawapo kilikuwa Temple Newsam, ambayo leo iko ndani ya Leeds. Huko Helmshore mtu huliona gurudumu kubwa la maji, na nyundo za mbao, kila moja nzito kupita mwili wa mtu, zilizopangwa kudondokea ndani ya mabirika. Mwanamke wa pwani akizitazama hahitaji mwalimu: ni kinu na mchi, ila mchi umelazwa ubavu na mto ndio unaotwanga.

Baba mkwe alikuwa nyuma yetu na fimbo yake. Alipozifikia nyundo alisimama, akauliza birika lilichukua yadi ngapi, kisha akaanza yeye kutueleza. Alipofika Huddersfield kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha sufu, idara ya kumalizia vitambaa, naye aliifanya kwa miaka 11. Nyundo zilikuwa zimekwisha kuachwa. Walikuwa na mashine ya roli, na kitambaa kilizunguka ndani yake kama kamba ndefu iliyoungwa ncha, katika povu la sabuni. Kazi ya kijana wa zamu ilikuwa kuisimamisha mashine kila baada ya muda, kukivuta kitambaa na kukipima upana kwa utepe, kwa sababu kikiachwa dakika nyingi kupita kiasi husinyaa na kuwa kigumu kama blanketi la farasi, na hakuna njia ya kukirudisha. Alituonyesha kwa vidole jinsi alivyokuwa akikibinya pembeni, kati ya gumba na kidole cha shahada, kujua kama kimeiva. Nikamwambia kwamba kazi hiyo ndiyo jina lake. Hakujibu mara moja. Kisha akaniuliza, tena mara mbili, kama nina hakika.

Nilikuwa na hakika ya maana ya jina, lakini si ya njia lililopitia hadi kumfikia, na tofauti hiyo ni muhimu katika kutathmini bidhaa yoyote ya namna hii. Walker ni miongoni mwa majina ishirini yanayotumika sana Uingereza, na sababu yake ni kwamba halikuanza na mtu mmoja: kila mji wenye sufu ulikuwa na wakanyagaji wake, na kila mmoja angeweza kuwa mwanzo wa ukoo usiohusiana na mwingine. Huko Jamaica, katika daftari za usajili wa watumwa zilizoanza mwaka 1817, wengi waliandikwa kwa jina moja tu, na waliobatizwa mara nyingi walichukua jina la ukoo la mwenye shamba, la msimamizi, au la mtu mwingine aliyekuwa karibu, hata uhuru kamili ulipofika mwaka 1838 wakatoka nalo. Nchini Marekani, Madam C. J. Walker, yule mwanamke Mweusi aliyejenga biashara kubwa ya mafuta ya nywele, alizaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867 na akapata jina la Walker kwa mumewe. Nasi Mombasa tunalijua jambo hili bila kusafiri. Kisauni, pale Kengeleni, makazi ya Freretown yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na miongoni mwa viongozi wa jumuiya hiyo alikuwamo Kasisi William Jones, Mwafrika aliyelelewa India na mwenye jina la ukoo lililoenea sana Wales. Ukimtafutia nembo ya Jones hutakuwa umemweleza hata kidogo.

Kwa hiyo ninapoipa karatasi hii nyota moja kwa upande wa maandishi, sihesabu makosa ya tarehe peke yake. Ninahesabu kwamba ilificha miguu iliyolowa, birika, udongo na mashine, ikaweka simba, kana kwamba kazi ya mikono ni aibu inayohitaji kufunikwa. Familia yetu ilikuwa na jambo la kweli la kujivunia, nalo lilikuwa ndani ya neno lenyewe.

Nilirudi kibandani kuuliza kama maandishi yanaweza kurekebishwa. Muuzaji alinisikiliza vizuri, akasema matini yote hutoka kwenye programu anayoikodi na kwamba hana uwezo wa kubadili hata herufi. Fedha hazirudishwi kwa bidhaa iliyochapwa kwa jina la mteja. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye risiti, na sikulibishia.

Anayetaka zawadi ya aina hii namshauri aanzie kwenye kadi ya maktaba. Asome ingizo la jina lake katika kamusi, atazame jina hilo lilijikusanya katika majimbo gani zamani, na kama ni jina la kazi, kama yalivyo Smith, Fletcher, Webster au Dyer, atafute makumbusho ambako kazi hiyo bado inaonyeshwa. Kisha aandike maelezo mafupi kwa mkono wake na ayapeleke kwa fundi wa fremu. Kwa pauni 34 atapata fremu nzuri kama hii yangu, na chenji itabaki. Na mwenye mzee amkalishe kwanza, amwulize alifanya kazi gani ujanani, kabla hajamnunulia jibu.

Juma moja baada ya Helmshore, baba mkwe aliniomba nimtolee karatasi ile kwenye fremu. Alikuwa na kipande cha sufu ya kijivu, upana wa viganja viwili, alichokikata kwenye mabaki siku ya mwisho ya kazi na kukihifadhi ndani ya kopo la biskuti tangu mwaka 1972, ukingo wake bado una herufi za Huddersfield zilizofumwa kwa uzi wa manjano. Tulikinyoosha, tukakibandika juu ya kadi nyeupe, tukarudisha kioo. Kinaning'inia juu ya redio yake. Sufu ile ni nzito kuliko karatasi, nami nilihofia kwamba ndoano ya nyuma haitaihimili, lakini huu ni mwezi wa tano na haijalegea.